Stika, Picha au Ukuta wa Saruji: Mandhari Ipi Inakifaa Kioo cha Nyuma cha Akwariamu?

Kioo cha nyuma cha akwariamu kikiachwa wazi huonyesha kila kitu ambacho mwenye nyumba angependa kisionekane: waya za pampu, mpira wa hewa, soketi ya umeme, na ukuta wenye alama ya unyevu iliyoletwa na tangi lenyewe. Ndiyo maana mtu akishanunua tangi, mawe na chujio, swali linalofuata huwa ni la mandhari ya nyuma, na mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa haraka dukani, samaki wakisubiri kwenye mifuko, kwa kuchagua picha inayovutia zaidi kwenye rola. Mimi nilijibu hivyo hivyo, na nikajuta. Tangu wakati huo nimetumia mandhari za aina tano, nne kwenye tangi kubwa na moja kwenye tangi dogo la kutengea majike, na tathmini hii inahusu jinsi kila moja ilivyokuwa baada ya miezi kupita, si jinsi ilivyopendeza siku ya kwanza.

Tangi kubwa lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50, yaani lita 270 likijazwa hadi ukingoni, na limekaa kati ya sebule na meza ya chakula katika nyumba ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi. Nafasi hiyo ina uzito kuliko nilivyodhani, kwa sababu walioketi sebuleni hulitazama kutoka mbele na walioketi mezani hulitazama kupitia kioo cha ubavuni, na mandhari moja inaweza kuwafurahisha wa kwanza na kuwaudhi wa pili. Ndani yake wamo Tropheus duboisi, samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1959. Watoto wake ni weusi tii wenye madoa meupe kama chembe za mchele. Wakikua madoa hufutika, kichwa hugeuka buluu, na mshipi mweupe au wa manjano huzunguka kiwiliwili. Chakula chake cha asili ni mwani unaoota juu ya mawe, na jike hulea mayai mdomoni. Tabia hizi zote zitakuja kuhukumu mandhari, kwa hiyo nimezitaja mapema.

Mandhari ya kwanza ilikuwa ile inayopatikana katika karibu kila duka la samaki wa mapambo: plastiki nyembamba iliyochapwa pande zote mbili, matumbawe ya bahari upande mmoja na majani ya majini upande wa pili, inayouzwa kwa mita kutoka kwenye rola. Bei yake haimtishi mtu, muuzaji huikata kwa mkasi mbele yako, na kazi ya kuiweka huishia kwenye vipande vinne vya selotepu. Nilichagua matumbawe. Kwa hiyo samaki wa Kigoma akawa anaogelea mbele ya bahari ambayo hata babu zake hawakuiona, na kwa kuwa picha hujirudia kila baada ya hatua fulani, samaki yule yule mwekundu wa kuchapwa alionekana mara tatu katika urefu wa tangi, mdomo wazi kwa namna ile ile. Wageni walicheka, nami baada ya wiki nikazoea.

Kasoro ambayo sikuizoea ni ya hewa. Plastiki iliyoshikiliwa kwa selotepu haigusani na kioo. Kati yake na kioo hubaki utando wa hewa, mwembamba kuliko ukucha lakini unaotosha kuharibu kazi yote. Mwanga unaotoka majini na kukikabili kioo chenye hewa nyuma yake kwa mshazari unaozidi digrii 49 hivi hautoki tena nje, bali hurudishwa wote ndani kana kwamba umegonga kioo cha kujitazamia. Anayetazama kutoka mbele hasumbuki sana, kwa sababu macho yake hukikabili kioo cha nyuma bila mshazari mkubwa kiasi hicho. Anayetazama kupitia ubavuni, kama walioketi kwenye meza yangu ya chakula, haoni picha kabisa. Anaona ukuta wa fedha unaong'aa, na kila samaki ana pacha wake. Niliwahi kufikiri kwamba taa ndiyo mbaya na nikanunua nyingine, gharama ambayo haikuwa na sababu yoyote.

Kisha kuna maji yanayoruka. Pampu ikivurumisha uso wa maji, matone hupita juu ya ukingo na kushuka kati ya plastiki na kioo. Pale penye unyevu picha hushikana na kioo na kuwa na rangi kali, pale pakavu hubaki imefifia, na kioo kizima kikafanana na ramani ya visiwa visivyo na jina. Katika joto la pwani nafasi ile haikai tupu pia. Nilipoibandua baada ya miezi minane nilikuta ukungu, mende wawili, na mayai ya mjusi kafiri yaliyogandishwa kwa ustadi kwenye kona ya juu. Upande uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani ulikuwa umepauka, wekundu ukiwa umetangulia kuondoka na matumbawe yakiwa yamebaki ya rangi ya samawati iliyochoka.

Ipo dawa ya utando wa hewa, na haki inanidai niitaje kabla ya kuihukumu picha. Ukipaka kimiminika kizito kati ya plastiki na kioo, hewa hufukuzwa, na picha huonekana kana kwamba imechapwa kwenye kioo chenyewe. Nilianza na mafuta ya nazi kwa sababu yalikuwa jikoni, na ndani ya majuma matatu yalikuwa yameanza kunuka na sisimizi wamechora barabara kutoka dirishani hadi nyuma ya tangi. Glisarini inayouzwa kwenye maduka ya dawa ilifanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na kioo na haiozi. Tatizo lake ni kwamba huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Dar es Salaam inao wa kutosha kuigawa. Kidogo kidogo ikawa nyepesi, ikachuruzika, na makali ya juu ya picha yakaanza kuachia. Kwa tangi linalotazamwa kutoka mbele tu, lililo mbali na dirisha, na kwa mtu aliye tayari kurudia kupaka, picha ya mita si kitu cha kudharauliwa, hasa upande wa majani. Kwa tangi la kona sitairudia.

Mandhari ya pili sikuinunua kwenye duka la samaki. Niliipata Kariakoo kwa fundi anayechapa mabango na kubandika maandishi kwenye magari, ambaye huuza stika za rangi moja kwa mita. Nilimwomba nyeusi, isiyong'aa. Akaniuliza, "Kaka, ni ya gari au ya mlango?" Nilipomjibu kwamba ni ya tangi la samaki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi chukua hii nzito, hii haipitishi hata mwanga." Lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi yake, na lingenipotosha. Stika nyingi za kuzuia mwanga zina gundi ya kijivu, na kwenye akwariamu uso unaotazamwa kupitia kioo ni ule wa gundi, si ule wa mbele. Fundi alibandua kona moja kwa ukucha, na kweli, chini ya weusi ule kulikuwa na kijivu cha sufuria. Tuliirudisha na kuchukua nyingine, nyepesi zaidi, yenye gundi isiyo na rangi, ambayo nyuma yake ni nyeusi sawa na mbele. Katika yote niliyojifunza kwenye jambo hili, hilo ndilo ambalo ningemwambia mtu hata kama tungekuwa na dakika moja tu: kabla ya kulipa, bandua kona na utazame mgongo wa stika.

Kubandika kwenyewe kunahitaji subira kuliko ujuzi. Tangi likiwa tupu na limevutwa mbali na ukuta, kioo kisafishwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi, maana punje moja ya vumbi huinua kipele ambacho kitatazamwa kila siku kwa miaka. Stika ikatwe kubwa kuliko kioo kwa sentimita 2 kila upande. Nilipulizia kioo maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, nikailaza stika juu yake, na maji yale yakaniruhusu kuisogeza hadi ilipokaa sawasawa. Baada ya hapo niliyasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, niliyoivika kitambaa laini, na siku iliyofuata nikapunguza kingo kwa wembe mpya. Vipele vidogo vilivyobaki vilipotea vyenyewe ndani ya wiki mbili, maji yaliponyauka.

Matokeo yalinishangaza, na nimeishi nayo muda mrefu kuliko mandhari nyingine yoyote. Kwa sababu gundi imeshikana na kioo bila hewa kati yake, mwanga uliokuwa ukirudishwa sasa unamezwa na weusi, na ule ukuta wa fedha uliokuwa ukionekana kutoka mezani ulitoweka siku hiyo hiyo. Tangi pia lilionekana kuongezeka upana. Maji, kwa jinsi yanavyopinda mwanga, hulifanya tangi la sentimita 45 kwenda nyuma lionekane kama lina 34 tu. Picha iliyochapwa hulithibitishia jicho upungufu huo kwa sababu jicho hujua hasa ukuta ulipo, lakini kwenye weusi usiong'aa jicho halipati pa kushika na huacha kupima. Waya na mpira mweusi wa chujio, ambavyo vimo ndani ya tangi na haviwezi kufichwa na mandhari ya nje, navyo vilimezwa na weusi huo.

Samaki wenyewe walibadilika. Ngozi ya samaki ina seli zenye chembechembe za rangi nyeusi, ambazo samaki huzitawanya anapozungukwa na giza na kuzikusanya anapozungukwa na weupe, ili asimwonekanie adui kirahisi. Kwa hiyo samaki wale wale waliokuwa wamepauka mbele ya picha angavu na changarawe nyeupe waliiva rangi ndani ya siku chache, buluu ya vichwani ikakolea, na mshipi ukakatika waziwazi kutoka kwenye kiwiliwili cheusi. Mtu anayeuziwa chakula cha kuongeza rangi angefanya vizuri kujaribu kwanza stika.

Hata hivyo stika nyeusi ina dhambi zake, na moja kati ya hizo ilinihusu mimi zaidi ya watu wengine. Kwanza, kila doa jeupe la chumvi linaloachwa na maji magumu kwenye kioo cha nyuma, pamoja na kila mkwaruzo, huonekana kama chaki ubaoni. Pili, si rahisi kubadili mawazo: baada ya miaka miwili gundi huwa imekolea, na kuibandua kulinichukua mchana mzima kwa kikausha nywele na wembe. Tatu, na hili ndilo lililoniuma, watoto wa duboisi ni weusi. Nilikuwa nimesubiri wiki nne jike afungue mdomo, na watoto 11 walipotoka niliona madoa meupe tu yakielea mbele ya giza, kama nyota zilizopoteza anga lake. Nilikuwa nikiwahesabu kwa madoa, na sikuwahi kupata idadi moja mara mbili. Kwa samaki wa manjano, mwekundu au wa fedha, weusi ni chaguo ambalo ni vigumu kulishinda; kwa samaki mweusi ni pazia linalomfunika mwenye shughuli.

Rangi ya maji ya kupaka ukutani, niliyoitumia kwenye tangi dogo la kutengea majike wenye mayai, inafanya karibu kila jambo linalofanywa na stika, kwa gharama ya kopo dogo na brashi ya sifongo. Hupakwa nje ya kioo, kamwe si ndani, mikono mitatu, kila mkono ukiachwa ukauke kabisa, na ukichoka nayo unaikwangua kwa wembe bila taabu. Rangi ya mafuta hushika zaidi lakini hung'ang'ania wakati wa kuiondoa. Ubaya wake ni usafi wa kazi: mkono wa kwanza huacha michirizi ya brashi inayoonekana kupitia kioo, na mikono inayofuata haiwezi kuifuta, kwa kuwa kinachotazamwa ni mkono ule wa kwanza. Sina zaidi la kusema juu yake. Ni njia nzuri kwa tangi ambalo halipo sebuleni.

Tatizo la watoto weusi ndilo lililonipeleka kwenye mandhari za ndani, zile zenye umbo la mwamba. Zipo kampuni zinazojulikana kwa kazi hiyo, kama Juwel ya Ujerumani na Back to Nature ya Sweden, ambazo hutengeneza paneli zinazoiga mawe na mizizi. Zangu hazikuwa za kampuni yoyote niwezayo kuitambua. Ndugu yangu anayeishi Muscat aliniletea mbili ndani ya sanduku la nguo, za povu gumu lililopakwa rangi ya kijivu. Zilikatika kwa msumeno wa mkate, nikazigandisha kwa silikoni. Hapa lazima niseme jambo la silikoni yenyewe: inayofaa ni ile safi inayonuka siki inapokauka, isiyoandikwa popote kwamba inazuia ukungu, kwa sababu dawa ya ukungu iliyomo kwenye silikoni za bafuni ni sumu kwa samaki. Iachwe ikauke hadi harufu iishe kabisa, na kwa tabaka nene hiyo inaweza kuwa wiki nzima.

Mwezi wa kwanza paneli zilionekana kama zilivyokuwa, yaani plastiki iliyojitahidi. Mwezi wa tatu mwani ulikuwa umezifunika, mshono wa katikati ukafichika, na duboisi wakawa wanauchunga ukuta ule kutwa nzima, wakiukwangua kwa midomo kama wanavyofanya ziwani. Hakuna mandhari ya nje inayoweza kuwapa hilo. Kwa upande wa samaki, paneli ilikuwa mandhari bora kuliko zote nilizotumia, na watoto weusi mbele ya kijivu walionekana mmoja mmoja.

Kilichonishinda ni nyuma yake. Nilikuwa nimeacha nafasi ya sentimita 3 kati ya paneli na kioo ili kuficha bomba la chujio, na sikutoboa matundu ya kutosha chini na juu ya kupitisha maji. Maji yaliyokaa kule yakawa maji mfu, na uchafu ukajilundika mahali ambapo mkono haufiki. Kisha mtoto mmoja wa samaki akapenya kwenye upenyo wa kona na kuishi nyuma ya paneli siku nne, akionekana kivuli tu, kabla sijakubali kuvunja kona ile ili kumtoa. Anayefunga paneli ama aigandishe yote kwenye kioo bila kuacha upenyo hata wa kisu, ama aache nafasi halisi yenye matundu yaliyozibwa kwa wavu na mkondo wa maji unaopita. Hali ya kati, kama yangu, ni mtego.

Baada ya hapo, kwa ukaidi ambao familia yangu bado inanikumbusha, nikaamua kujitengenezea. Nilichukua povu jeupe linalofungashiwa friji na televisheni, nikalichonga miamba kwa kisu cha moto, nikalipaka saruji tabaka juu ya tabaka. Tabaka la mwisho nilichanganya na oksidi nyeusi, dada ya ile nyekundu inayopakwa kwenye sakafu za nyumba za zamani. Kwa macho, ulikuwa ukuta mzuri kuliko paneli za kununuliwa. Kwa hesabu, ulikuwa kosa, na hesabu hiyo ningepaswa kuifanya kabla ya kuchonga. Povu lenye unene wa wastani wa sentimita 6 katika eneo la sentimita 120 kwa 50 ni lita 36, yaani zaidi ya sehemu moja kwa nane ya maji yote ya tangi, na samaki wanaogombania mipaka kama Tropheus huihisi nafasi hiyo iliyopotea. Lita hizo 36 huusukuma ukuta juu kwa nguvu ya karibu kilo 35, maana povu lenyewe halifiki hata kilo moja, na saruji ya juu yake hupunguza sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Nilikuwa nimeugandisha kwa vitone vya silikoni hapa na pale. Usiku wa pili baada ya kujaza maji, kabla samaki hawajarudishwa, nilisikia mlio kama wa mbao inayopasuka, na asubuhi nikaukuta ukuta wangu ukielea umelala kifudifudi.

Niliugandisha upya kwa silikoni iliyoenea mgongo mzima, na haukuinuka tena. Ikabaki kazi ya kuisafisha saruji. Saruji mbichi hutoa chokaa ndani ya maji na inaweza kuipandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, kupita 11. Duboisi huishi katika ziwa ambalo pH yake hukaribia 9, kwa hiyo samaki huyu huvumilia maji ya chokaa kuliko wengi, lakini si kwa kiwango hicho. Nilijaza na kumwaga tangi kila siku ya tatu kwa wiki sita hadi kipimo kikatulia. Kwa mwenye samaki wa maji laini, kama wale wa Mto Amazon, nisingemshauri saruji hata kwa wiki kumi. Ukuta ulidumu karibu mwaka mmoja, na ulikufa kwa sababu ambayo sikuitarajia: kumkamata jike mwenye mayai mdomoni katika tangi lenye mapango 20 niliyoyachonga kwa mkono wangu mwenyewe kuliwezekana tu kwa kutoa maji yote.

Kuna njia moja ambayo sijaitumia nyumbani lakini ambayo msomaji mwenye tangi la mimea anapaswa kuifikiria. Takashi Amano, Mjapani aliyefariki mwaka 2015 na aliyebadili namna mimea inavyopangwa ndani ya akwariamu, mara nyingi aliacha nyuma peupe au pa samawati nyepesi penye nuru, mimea ikisimama mbele yake kama miti mbele ya anga la alfajiri. Stika ya ukungu, ile inayobandikwa kwenye vioo vya ofisi, pamoja na taa nyembamba nyuma yake, hutoa sura hiyo. Kwa samaki wa mawe haifai, kwa kuwa weupe huwafanya wapauke na wajifiche, lakini kwa majani mabichi na samaki wadogo wa kundi haina mpinzani.

Tangi langu sasa lina stika tena, safari hii ya buluu nzito, iliyokaribia weusi bila kuufikia, yenye mgongo wa rangi ile ile. Sikuichagua kwa kubahatisha. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu kiasi kwamba mzamiaji anaweza kuona hadi mita 20 mbele yake, na kilicho nyuma ya samaki wa mawe kule si giza wala matumbawe, bali buluu inayozidi kukolea kadiri macho yanavyokwenda mbali. Buluu ya vichwa vya wakubwa imepoteza kidogo ya ukali iliokuwa nao mbele ya weusi, na hilo ni jambo ambalo mpenda rangi atalilalamikia. Kwa upande mwingine, watoto weusi wanaonekana umbo zima, mapezi na yote, na nimeweza kuwahesabu. Madoa ya chumvi yanaonekana pungufu kuliko kwenye nyeusi, ingawa bado yapo.

Mbele ya stika nimepanga mawe halisi, mepesi juu na mazito chini, yakiwa yameegemeana wenyewe badala ya kuegemea kioo, juu ya kipande cha plastiki kinachokinga sakafu ya tangi. Hayo ndiyo yanayoota mwani ambao ukuta wa saruji ulikuwa ukiutoa, na yanaondoka moja moja siku ya kumkamata jike. Stika iliyobaki niliikata na kuibandika pia kwenye ubavu wa kushoto, ulio kando ya kabati ambapo hakuna anayetazama, kwa sababu anayetazama kutoka mbele huziona pande za ubavuni kama vioo vya kujitazamia kwa sababu ile ile ya hewa niliyoieleza. Dume mkubwa, aliyekuwa akimaliza jioni zake kwenye kona ile akisukumana na kivuli chake mwenyewe, alirudi siku mbili tatu kukitafuta, hakukikuta, akahamia kwenye jiwe la katikati.